Kabla hujasema "hana kipaji"

Leo naandika historia ya swali moja dogo: kutupa mpira kwenye ringi na kumpita beki anayekukimbilia, huo ni ujuzi wa aina moja?

Swali lilinikuta uwanjani. Kwenye timu yetu ya wasichana kuna binti mmoja, wiki tatu nzima alikokota mpira katikati ya chupa tulizopanga mchangani, akawashinda wote. Siku ya mechi akanyang'anywa kila mpira. Mimi nikaropoka mbele ya wenzake: "Huyu hana kipaji." Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia.

Sasa turudi nyuma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kenneth Craik na wenzake pale Cambridge, Uingereza, walichunguza jinsi rubani hodari anavyochoka na kuanza kukosea. Mwaka 1944 kikaanzishwa kituo cha utafiti, Craik akawa kiongozi wake wa kwanza. Alifariki mwaka uliofuata kwa ajali ya baiskeli, lakini kazi iliendelea.

Mmoja wa watafiti wa kituo hicho aliitwa Poulton. Mwaka 1957 aligawa kazi za mikono katika makundi mawili. Kuna kazi ambazo mambo yanayokuzunguka hayabadiliki, kwa hiyo unaweza kurudia mwendo uleule. Hizo tuziite stadi funge. Na kuna kazi ambazo mambo yanabadilika kila saa, lazima uangalie, ukisie, ndipo utende. Hizo ni stadi wazi. Yeye alikuwa anafikiria zaidi viwanda na mitambo, siyo mpira.

Aliyeleta wazo hilo michezoni ni Barbara Knapp, katika kitabu chake cha mwaka 1963. Na akaongeza jambo kubwa: siyo masanduku mawili, ni mstari mmoja mrefu. Mwisho mmoja weka kutupa tufe, au mtupo huru wa basketi: ringi iko mita 3.05 juu, haisogei, hakuna anayekuzuia. Mwisho mwingine weka kumpita beki. Penalti iko katikati, maana mpira umetulia lakini kipa hajatulia.

Halafu akaja Gentile, mwalimu wa New York. Mwaka 1972 aliandika kwamba mazoezi lazima yafuate aina ya stadi. Stadi funge, rudia mpaka mwendo ukae. Stadi wazi, badilisha hali kila mara. Baadaye alitengeneza jedwali la vyumba 16. Anauliza: mazingira yanasogea au yametulia? Yanabadilika kila unapojaribu? Mwili unahama? Mikono inashika kitu? Jedwali hilo linatumiwa hata na wanaowafundisha wagonjwa kutembea upya.

Ukiangalia vizuri, hawa wote waligawa kazi. Hawakugawa watu. Hakuna chumba kilichoandikwa "mwenye kipaji" na kingine "asiye nacho".

Basi kosa langu nikaliona. Chupa hazisogei. Nilimfundisha yule binti stadi funge, halafu nikampima kwa stadi wazi, na aliposhindwa lawama nikamtwika yeye. Sisi kambini tumeshapangwa kwenye makundi mengi mno, na kadi, na namba. Nami nikamwongezea lingine.

Nilienda kwao nikamwomba msamaha, mama yake akiwepo. Nikamweleza kwamba tumeondoa chupa, sasa tunaanza na beki mmoja anayetembea, halafu anayekimbia, halafu wawili. Alinyamaza kidogo, akasema: "Sawa kocha, nitakuja kuangalia tu."

Jumamosi alikuja kuangalia. Alikuwa amevaa viatu vya mpira.