Mifereji Mikavu ya Yanagawa

Mwezi Februari mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 70, nilikwenda Japani kumtembelea binti yangu aliyekuwa akisoma katika jiji la Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu. Siku moja aliniambia, "Baba, kesho twende Yanagawa. Ni mji wa mifereji, watu hutembezwa kwa mitumbwi." Nilikubali upesi, kwa sababu mimi ni mtu wa mifereji. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo maji hayatoki kisimani bali hufuata mfongo uliochimbwa na mababu.

Tulipanda treni ya umeme katikati ya jiji asubuhi. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1924 hadi mji wa Kurume, na kufikia mwaka 1939 ilikuwa imeendelezwa hadi Omuta. Yanagawa ipo umbali wa kilomita 58 hivi kutoka Fukuoka, na treni ya haraka huchukua dakika kama 50 tu. Nilikaa dirishani kama mtoto. Nyumba zilipungua, tukavuka mto Chikugo, na mashamba yakaanza kutandazika pande zote mbili, sawasawa kama mkeka. Mtu wa milimani akiona nchi tambarare kiasi kile hujiuliza maji yake yanajuaje pa kwenda.

Jibu la swali hilo ndilo historia ya Yanagawa. Mji ule upo karibu na bahari ya Ariake, ambako tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika mita 6. Ardhi yake ni tope lililoletwa na mito na bahari, na kwa karne nyingi watu waliendelea kuipora bahari kidogo kidogo. Mvua ikinyesha sana, maji hayana pa kukimbilia. Jua likiwaka, hakuna maji matamu ya kunywa. Basi wenyeji walichimba mifereji ili iwatumikie kotekote: iyapokee maji mengi wakati wa mvua, na iyahifadhi wakati wa ukame. Udongo uliochimbwa waliuinua kuwa viwanja vya nyumba na mashamba. Katikati ya mji tu, katika eneo la kilomita mbili kwa mbili, kuna mifereji yenye urefu wa takriban kilomita 60.

Mifereji hiyo ilikuwa pia ngome. Baada ya vita vya Sekigahara mwaka 1600, mtawala wa Yanagawa aliyeitwa Tachibana Muneshige alinyang'anywa eneo lake kwa kuwa alikuwa upande ulioshindwa. Mahali pake akawekwa Tanaka Yoshimasa, ambaye alipanua ngome na kupanga mifereji kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1620 ukoo wa Tanaka ulikosa mrithi, na Muneshige akarudishiwa nchi yake, jambo lililokuwa nadra sana siku zile. Ukoo wake ukaitawala hadi utawala wa makabaila ulipokwisha katika karne ya 19.

Tuliposhuka kituoni nilikuwa na hamu ya kupanda mtumbwi. Lakini tulipofika ukingoni nilisimama nikiwa nimeduwaa. Mfereji ulikuwa mtupu. Mierebi, ile miti ambayo wengi wetu tumelikuta jina lake katika Biblia, ilikuwa imeinamia tope tupu. Wazee wawili waliovaa mabuti marefu walikuwa chini wakiokota makopo na kung'oa magugu.

Binti yangu aliona aibu. "Samahani, Baba, sikuulizia." Alikwenda kuwauliza, akarudi na maelezo. Kila mwaka katika mwezi Februari milango ya maji hufungwa kwa siku kama kumi, mifereji hukaushwa, tope huona jua, na wenyeji hushuka kusafisha. Ile safari ya zaidi ya saa moja, mtumbwi ukisukumwa kwa upondo na abiria wakiinamisha vichwa chini ya madaraja mafupi, siku hiyo haikuwapo.

Msomaji wangu, namshukuru Mungu kwa bahati mbaya ile. Laiti ningekuta maji, ningepiga picha, nikala wali wao wa mkunga unaopikwa kwa mvuke katika visanduku vya mbao, nikarudi zangu. (Wali tulikula, na ni mtamu.) Lakini kwa kuwa mfereji ulikuwa mtupu, tulizungumza juu ya mfereji. Jioni ile na siku zilizofuata binti yangu alinisomea na kunitafsiria habari zake.

Zamani watu wa Yanagawa waliyanywa maji hayo. Kila nyumba iliyopakana na mfereji ilikuwa na ngazi za mawe za kuteremkia, na maji ya kunywa yalichotwa alfajiri, kabla mtu hajaosha chochote. Tope la chini lilizolewa na kumwagwa mashambani likawa mbolea. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuutunza mfereji: mama kwa ajili ya chungu chake, mkulima kwa ajili ya shamba lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili yalikuja maji ya bomba, na ngazi zikaachwa. Ikaja mbolea ya viwandani, na tope halikuzolewa tena. Zikaja sabuni za unga na mifuko ya plastiki. Hakuna mtu aliyeamua kuuchafua mfereji. Kila mmoja aliacha tu kuuhitaji, na kitu kisichohitajika huwa jalala.

Kufikia miaka ya 1970 mifereji mingi ilikuwa na uvundo na mbu. Halmashauri ya mji ikaandaa mpango wa kuipitisha mingi yake chini ya zege na kuifukia mingine. Mwaka 1977 mtumishi mmoja wa mji, Hiromatsu Tsutae, alihamishiwa kwenye kitengo kilichopaswa kuutekeleza mpango huo. Badala ya kuutekeleza, alikwenda kwa meya na kumwomba ausimamishe. Alieleza kwamba mji umekaa juu ya udongo laini unaoshikiliwa na maji. Ukiifukia mifereji, mvua kubwa itaingia majumbani na ardhi yenyewe itadidimia. Meya alimsikiliza na kumpa muda wa kuleta mpango mwingine. Hiromatsu hakuanza na mashine. Alikwenda mtaa kwa mtaa, akaketi na wakazi mkutano baada ya mkutano, akawauliza wazee mifereji ilitunzwaje zamani. Kisha yeye na wenzake wakaingia wenyewe kwenye tope, na wakazi wakawafuata. Mwaka 1987 mtengenezaji filamu Takahata Isao alitoa filamu ya karibu saa tatu juu ya habari hiyo. Hiromatsu alifariki mwaka 2002, na mifereji ipo.

Sasa nieleze kwa nini habari hiyo ilininyima usingizi.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko kwetu. Mfongo wa zamani ulipita juu ya uwanja wa mpira. Wanafunzi walikuwa wakichota maji humo, lakini bomba lilikuwa limeletwa, na mfongo ukawa mahali pa kutupia karatasi na maganda ya miwa. Ulileta mbu, na uliunyima uwanja upana wake. Nilipanga wanafunzi wa madarasa ya juu kwa zamu, na kwa wiki mbili tu tukaufukia. Nilijivunia kazi ile. Niliiandika katika ripoti yangu.

Mzee mmoja ambaye ukoo wake ndio uliousimamia mfongo huo alikuja ofisini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, maji yana kumbukumbu." Nilimjibu, "Mzee, maji yako kwenye bomba." Alivaa kofia yake akaondoka. Miaka michache baadaye bomba lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, kisha likakauka kabisa. Na mvua za masika zilipozidi, maji ya mlimani yalifuata njia yao ya zamani, yakaikuta imezibwa, yakapitia madarasa mawili. Usiku ule hapakuwa na mtoto ndani. Kama ingekuwa mchana, sijui leo ningeandika nini.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandaa somo, kutunza hesabu na kusimamia nidhamu. Nilijifunza pia kwamba mwalimu ndiye anayejua na wanakijiji ndio wanaofundishwa, ingawa sikumbuki mkufunzi aliyelitamka jambo hilo. Mimi na Hiromatsu wote tuliukuta mfereji mchafu, na wote tulikuwa na madaraka ya kuufukia. Yeye aliuliza. Mimi niliandika ripoti.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa familia ya yule mzee. Yeye alikwisha kufariki siku nyingi, kwa hiyo maneno yangu niliyatoa mbele ya mjukuu wake. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwalimu, babu hakukuchukia. Alisema tu kwamba hukumuuliza mfongo unakwenda wapi."

Nikamwomba anionyeshe. Tulitembea hadi jioni, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo yangu, tukifuata alama ya mfongo katikati ya migomba. Uwanja wa shule bado umeuziba, na kuufungua si kazi ya mzee mmoja. Lakini njia yake sasa naijua, na mwalimu mkuu wa sasa nimemwonyesha.