Taharuki katika Onyesho la Ufunguzi

Taharuki ni hali ya moyo kutotulia kwa sababu ya jambo linalokuja ambalo bado halijafika. Katika sinema, ndiyo nguvu inayoendesha filamu za uhalifu, ujasusi na mauaji, nayo hujengwa tangu onyesho la ufunguzi kwa vyombo vitatu: kamera, sauti na mwanga. Fasihi ya Kiswahili imelitumia neno hili kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa sekondari wa Mombasa au Morogoro hulikuta kila anapochambua riwaya au tamthilia. Zamu ya sinema ilipofika, waandaaji wa orodha za istilahi waliliacha neno lililokwisha kukomaa, wakachukua maelezo mahali pa jina: "filamu ya kusisimua". Maelezo hayo sasa yamezagaa katika matangazo na magazeti, na kila yanaporudiwa hufifisha jambo ambalo istilahi ilipaswa kuliweka wazi.

Mwili husisimka kwa baridi, kwa nyimbo za taarab, kwa bao la dakika ya mwisho, hata kwa hotuba nzuri. Filamu ya mapenzi husisimua, na ya vita pia. Jina linaloifaa kila filamu haliitambulishi hata moja. Tena, msisimko ni wa ngozi na hupita mara moja, ilhali taharuki ina urefu: huanza, hupanda, huachiwa kidogo, kisha hukazwa upya. Aliyeketi kitako akaitazama filamu ya aina hii kwa makini asingeweza kuyachanganya mambo hayo mawili. Inaelekea maneno mengine hupitishwa na watu ambao hawakupata nafasi ya kuketi hivyo.

Asili ya maneno yenyewe inasaidia kuamua. Jina la Kiingereza la filamu hizi, "thriller", limetoka katika mzizi wa kale wenye maana ya kutoboa, mzizi uleule uliomo katika neno lao la tundu la pua. Kwa Waingereza, basi, filamu hiyo humchoma mtu. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya shule na ofisi nchini Kongo, husema "suspense", na chanzo chake cha mbali ni kitenzi cha Kilatini cha kutundika. Hapa mtazamaji ananing'inizwa. Taharuki imekuja kwa njia nyingine. Katika Kiarabu, mzizi wake ni wa kujongea na kutikisika, na kutoka humo Kiswahili kimepata haraka, harakati na harakisha. Neno sinema nalo linarudi kwenye neno la Kigiriki la mwendo, ambalo akina Lumière wa Ufaransa walilitia katika jina la chombo chao walichokionyesha Paris mwaka 1895. Sinema ni mwendo wa picha, taharuki ni mwendo wa moyo. Hakuna lugha nyingine kati ya hizo zilizotajwa ambamo jina la sanaa na jina la athari yake yamekutana kwa karibu namna hii, na kuutupa urithi huo kwa ajili ya kitenzi cha kusisimua ni uzembe usiosameheka.

Hoja ya wapinzani ni kwamba neno hili ni la pwani na la Kiarabu, hivyo ni geni kwa wasemaji wa bara. Hoja hiyo haisimami Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo. Msomaji wa Lusangi, katika eneo la Kasongo na Kabambare, anaishi mahali ambapo Kiswahili kilifika na misafara ya karne ya 19, kabla ya ofisi yoyote ya kikoloni. Kasongo ulikuwa mji wa mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mji huo uliangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Maneno ya mizizi ya Kiarabu yamekaa huko zaidi ya karne nzima. Kumwambia mtu wa Kasongo kwamba taharuki ni ngeni huku akiachiwa "suspense" ya Kifaransa ni kugeuza historia.

Mfano maarufu wa kutenganisha taharuki na jirani zake ulitolewa na mwongozaji filamu Alfred Hitchcock katika mazungumzo yake na mwenzake François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966. Watu wanaongea mezani, na chini ya meza kuna bomu. Bomu likilipuka bila mtazamaji kujua, anapata mshtuko wa sekunde 15. Akionyeshwa bomu mapema na saa ukutani, maongezi yaleyale ya kawaida humweka roho juu kwa dakika 15. Mshtuko hutokana na kutojua, na taharuki hutokana na kujua bila uwezo wa kuzuia. Kazi ya onyesho la ufunguzi ni kuugawa ujuzi huo: nani aambiwe nini, na lini.

Kamera ndiyo mgawaji wa kwanza. Katika Touch of Evil ya Orson Welles (1958), picha ya kwanza kabisa ni mikono inayotega saa ya bomu. Bomu linatiwa nyuma ya gari, mwanamume na mwanamke wanaingia, gari linaondoka. Kuanzia hapo kamera, ikiwa juu ya winchi, inapanda juu ya mapaa, inashuka mtaani, inalitangulia gari, inaliacha, inawafuata maharusi wanaotembea kwa miguu, kisha inakutana na gari tena kwenye kizuizi cha mpakani. Yote hayo hupigwa bila mkato kwa zaidi ya dakika tatu. Ukosefu wa mkato ndio siri yake. Mkato humpumzisha mtazamaji, kwa kuwa humruhusu kudhani kwamba muda umerukwa. Picha isiyokatwa humlazimisha kuishi kila sekunde ya saa ile iliyotegwa. Jaws ya Steven Spielberg (1975) inatumia mkao wa kamera badala ya mwendo mrefu: jicho liko chini ya maji, linapita kati ya magugu, baadaye linamtazama msichana kutoka chini anapoogelea. Papa haonekani, kwa sababu mtazamaji amewekwa mahali pa papa.

Sauti inafanya kazi ambayo macho hayaiwezi, yaani kuleta kilicho nje ya fremu. Studio ilipoitoa Touch of Evil, iliweka majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini juu ya picha ile ndefu. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kulalamikia uhariri wa filamu yake, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata. Majina na muziki vikaondolewa; badala yake husikika redio ya gari na muziki wa vilabu, vikikaribia na kufifia kadiri gari linavyopita. Mtazamaji sasa hulitafuta gari kwa sikio hata linapokuwa limefichika. Picha ni zilezile, ila taharuki imeongezeka, na huo ni ushahidi kwamba haikai katika picha peke yake.

Afrika Mashariki inao ushahidi wake, unaopuuzwa na wataalamu wa mezani. Wasimulizi wa filamu, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wameweka sauti zao juu ya filamu za kigeni na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili kinachoendelea. Wasomi wengine huwalaumu kwamba wanafichua mambo mapema. Kwa kipimo cha bomu la chini ya meza, lawama hiyo ina makosa: msimulizi anayeonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango ameua mshtuko na kuzaa taharuki. Hasara yake iko kwingine, kwenye ukimya anaoujaza. Katika M ya Fritz Lang (1931), mama anamwita mtoto wake Elsie, na jina hilo linasikika juu ya ngazi tupu, dari tupu na sahani isiyoguswa mezani. Neno moja la ziada hapo lingeharibu kila kitu.

Mwanga huamua kinachofichwa. Katika filamu hiyohiyo ya Lang, mtoto anadundisha mpira kwenye bango linalotangaza zawadi ya marki 10,000 kwa atakayesaidia kumpata muuaji, na kivuli cha mwanamume kinaliangukia bango hilo kabla uso wake haujaonekana. Mtu amejulikana kwa kazi yake, hajajulikana kwa sura. Kanuni ni kwamba giza zima halitishi. Kinachotisha ni giza lenye sehemu moja iliyoangazwa, maana jicho huenda kwenye mwanga huku akili ikibaki gizani. Anayepiga filamu Kasongo au Kabambare, ambako nyumba nyingi hazina umeme wa gridi, hahitaji lori la taa kulifanikisha hili. Kandili moja iliyowekwa chini, ikiangaza mikono na kuuacha uso, inatosha kufungulia filamu.

Katika matumizi, taharuki ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na pia ni kitenzi, chenye mnyambuliko taharukisha. Kutokana nayo huundwa "sinema ya taharuki" na "kujenga taharuki". Onyesho la ufunguzi lisiitwe "onyesho la kwanza", ambalo tayari ni jina la siku filamu inapoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza. "Kusisimua" ibaki sifa ya filamu yoyote iliyofaulu. Wahariri wa magazeti, walimu wa filamu na watangazaji wa redio, wa Maniema na wa kwingineko, wanaombwa waanze kuandika "sinema ya taharuki" sasa, bila kungoja kikao kingine cha istilahi.