Plastiki inayooza ilianzia ndani ya maziwa machachu

Mjini Bukavu, chupa na sashe zinazoelea kutoka Ziwa Kivu zimekwamisha mara nyingi mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi, na wakaaji wakabaki gizani. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, lakini takataka hazijaisha. Kwa hiyo historia ya plastiki inayooza inawahusu watu wa Kivu, hata kama ilianzia mbali.

Mwaka wa 1780, huko Uswidi, mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aligundua asidi ndani ya maziwa machachu. Ndiyo asidi ya laktiki, inayofanya maziwa yaliyolala yawe makali mdomoni. Mwaka wa 1932, Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani, aliunganisha chembe zake kuwa plastiki. Ilikuwa dhaifu, haikufaa kwa biashara.

Waganga wa upasuaji waliona faida ndani ya udhaifu huo. Katika miaka ya 1970, asidi ya laktiki ilianza kutumiwa pamoja na asidi nyingine kutengeneza nyuzi za kushonea vidonda, ambazo mwili unaziyeyusha wenyewe. Kwa majeruhi anayekimbia vita hilo si jambo dogo: hahitaji kurudi hospitalini kutolewa nyuzi.

Mwaka wa 2002, kiwanda kikubwa kilianza kazi huko Blair, jimbo la Nebraska, Marekani. Wanga wa mahindi unageuzwa kuwa sukari, bakteria wanakula sukari hiyo na kutoa asidi, kisha asidi inaunganishwa kuwa plastiki iitwayo PLA. Hata miwa na muhogo vinaweza kutumika.

Lakini watu wasidanganyike. PLA inaoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ikitupwa mferejini au ziwani, inaweza kukaa miaka mingi na kuziba njia ya maji kama plastiki nyingine. Tena, mahindi na muhogo ni chakula, na kambi za wahami zinajua njaa.

Basi mfanyabiashara akileta sashe na kusema inaoza, mnunuzi ana haki ya kumuuliza: inaoza wapi, na kwa muda gani?