Waliohesabu ngazi Yangambi: asistanti wa takwimu alitoka wapi?

Wandugu, kila likizo kubwa ikikaribia maswali ni yaleyale: fakilte gani inatafuta asistanti, nani atashika TP ya takwimu, bila distinction unaweza kujaribu? Mimi mtoto wa Isangi naleta swali lingine. Kazi hiyo ilianza wapi hapa kwetu?

Kwangu mimi ilianza Yangambi, katika teritwari yetu ya Isangi, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka mto. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, taasisi ya utafiti wa kilimo, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Mwaka 1941 watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, wakatoa kitabu juu ya mchikichi, ule sisi tunaita mungazi. Neno biometria liko hata kwenye jina lake. Kabla ya hapo watu walishangaa: unachagua mti wa tenera, wenye kokwa la ganda jembamba na mawese mengi, unapanda mbegu zake, halafu dura wenye ganda nene wanarudi tu. Hao wawili walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera, asiye na ganda. Ukichavusha tenera kwa tenera, robo inakuwa dura, nusu tenera, robo pisifera.

Hiyo ni TP nzuri kuliko zile za kurusha sarafu. Tuseme una miti 400. Unategemea 100, 200, 100. Ukihesabu unapata 112, 190, 98. Je, nadharia imeanguka? Piga khi-kare: 1.44 kujumlisha 0.50 kujumlisha 0.04, ni 1.98. Mpaka wetu kwa digrii mbili za uhuru ni 5.99. Basi haijaanguka. (Namba za miti ni zangu, za mfano.) Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanapanda tenera.

Sasa, nani alipanda juu ya miti ile, akafunga maua, akapasua kokwa moja moja? Kazi ya mikono ilikuwa ya Wakongomani. Jina kwenye kitabu lilikuwa la Mzungu. Wala haikuwa suala la akili: mwaka 1941 koloni lote halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifungua milango mwaka 1954. Kwetu Stanleyville tulingoja mpaka 1963, Waprotestanti walipoanzisha Université Libre du Congo. Hesabu mwenyewe: miaka 30 kamili baada ya INEAC. Mwaka 1971 Mobutu akaunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA, na 1981 vikagawanywa tena. Ndipo UNIKIS ikapata jina lake.

Ngazi ya kazi tunaijua wote: asistanti wa mandati ya kwanza, ya pili, halafu CT, halafu udaktari. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini nchini kuna asistanti wengi wanaoitwa nouvelles unités: wamepewa barua, wanafundisha, wanasahihisha mitihani, mshahara wa serikali haujafika. Mimi naona hapo kuna kitu cha zamani ambacho hakijaisha. Yule wa 1941 alihesabu bila jina. Huyu wa leo jina analo, anakosa malipo. Kwa hiyo ukipewa nafasi, kabla ya kusherehekea uliza: barua imesainiwa na nani, namba ya matrikule itatoka lini, TP ni saa ngapi kwa wiki?

Na Yangambi bado inatoa namba. Tangu 2020 uko mnara wa mita 55 msituni, CongoFlux, unaopima kaboni inayoingia na kutoka kwenye miti. Data zinakuja mchana na usiku. Zinahitaji watu wa kuzisoma, na watu wa kufundisha wengine kuzisoma. Pirogi kutoka Kisangani zinashuka upande ule kila siku.