Kutu haisubiri bajeti

Leo tuiweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie kutu.

Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika ili adui asiichukue. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Naam, Liemba hii hii tunayoijua! Somo ni moja: kinga ya chuma huwekwa mapema, wakati mkono wa fundi bado unakifikia.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya mjomba wangu aliyeko Namasakata, kule Ruvuma. Yumo kwenye kamati inayojenga mnara wa tenki la maji la shule, kwa michango ya wazazi ambao pesa yao inatoka kwenye korosho. Fundi kawapa bei mbili: vyuma vya kupaka redi oksaidi na rangi ya mafuta, au vyuma vilivyochovywa kwenye zinki. Bei ya pili inauma, na wajumbe wengi wanaitaka ya kwanza.

Tuanze na rangi. Daraja la reli la Forth, kule Scotland, lilifunguliwa mwaka 1890. Kulipaka rangi kukawa msemo wa Waingereza kwa kazi isiyokwisha. Kati ya 2002 na 2011 likakwanguliwa hadi chuma kitupu, likapakwa tabaka tatu, mojawapo ikiwa epoksi yenye chembe za kioo, ili likae angalau miaka 25 bila kupakwa tena. Kwa hiyo rangi inaweza kudumu, ila inadai maandalizi makubwa. Ukiipaka juu ya kutu, kutu inaendelea na safari yake chini kwa chini.

Njia ya pili nayo ina historia ndefu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho chini kisalimike, hata pale ilipokwaruzwa kidogo. Huyo ndiye babu wa bati letu.

Hapo wajumbe watauliza: mbona mabati yanashika kutu? Kweli, lakini zinki ya bati la kawaida ni nyembamba sana. Chuma kinene kuliko milimita 6, kikichovywa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 1461, hupata wastani wa mikroni 85. Hewa ya bara isiyo na chumvi wala moshi wa viwanda kwa kawaida haili zaidi ya mikroni 2 kwa mwaka. Piga hesabu: miaka 40 na ushee. Kwenye chumvi kali ya pwani inaweza kuliwa mikroni 8 kwa mwaka, na hapo miaka inakuwa 10 tu. Huko ni busara kuchovya kisha kupaka rangi juu yake. Namasakata iko mamia ya kilomita kutoka baharini.

Ushahidi uko mkoani humo humo. Mwaka 2018 gridi ya taifa ilifika Songea kutoka Makambako kwa njia ya kilovolti 220. Itazameni minara yake: ya kijivu, imefungwa kwa bolti. Kukata, kutoboa na kuchomelea hufanyika kabla ya kuchovya, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza zinki. Kwa hiyo kamati isikubali mnara uchomelewe kijijini baada ya vyuma kuchovywa. Vipande vije tayari, vifungwe kwa bolti nazo zilizochovywa.

Mimi nimemjibu mjomba: mchukue ya zinki, hata kama mnara utachelewa msimu mmoja wa korosho. Rangi ni ahadi ya kurudi na brashi kila baada ya miaka michache, na bajeti ya kurudi ndiyo hufutwa kwanza. Hebu hesabuni minara ya matenki mnayoijua mitaani kwenu. Ni mingapi imewahi kupakwa rangi mara ya pili?