Bima ya Gari Dogo Lililobadilishwa Injini kwa Dereva Mpya: Hukmu Yake na Utaratibu Wake

AlhamduliLlaah, Himdi zote Anastahiki Allaah, Rabb wa walimwengu. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd:

Familia nyingi visiwani zimo katika hali hii. Kijana amepata leseni, na baba au mjomba amemsaidia kununua gari dogo lililotumika kutoka Japani: Vitz, IST, Passo au Starlet. Baada ya miezi michache gari linaingia gereji. Injini ya cc 1000 inatolewa na inatiwa ya cc 1500. Springi zinakatwa ili gari likae chini, na rimu zinabadilishwa. Lakini bima iliyokatwa mwanzo, kwa jina la baba na kwa injini ya zamani, inabaki vile vile. Hakuna anayekwenda kuwaeleza wenye bima, ama kwa kuogopa malipo yasipande, ama kwa kutoona kama kuna la kueleza.

Masuala yanayokuja hapa ni mawili. Je, bima hiyo bado inamkinga mtu? Na kunyamaza huko kuna hukmu gani katika Dini?

Jibu kwa ufupi: kubadilisha gari kwa asili yake ni jambo la mubaha, na bima ya lazima ya serikali mtu anaikata kwa kulazimika. Ama kuficha injini iliyobadilishwa, au kumficha dereva halisi, hiyo ni ghishi, na ghishi ni haraam hata kama kampuni si ya Kiislamu. Juu ya dhambi, kunaiacha familia bila ya kinga siku inayohitajiwa zaidi. Ufafanuzi wake ni kama ufuatao.

Bima ndogo na bima kubwa

Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria kwa kila chombo cha moto kinachopita barabarani. Haimlipi mwenye gari kwa gari lake. Inamkinga mtu mwengine aliyeumizwa au kuuawa na gari hilo, na kwa kiwango kilichoandikwa katika mkataba, mali yake iliyoharibiwa. Malipo yake kwa gari la binafsi huwa ni kiasi maalumu, kwa hiyo injini kubwa mara nyingi haiongezi sana bei yake. Linaloathirika ni uhalali wa mkataba wenyewe.

Bima kubwa inabeba hayo, na juu yake inalipa gari lako likigongwa, likiungua au likiibiwa. Malipo yake huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa mfano, gari la shilingi milioni 12 kwa asilimia 3.5 ni shilingi 420,000 kwa mwaka, kabla ya kodi na kabla ya nyongeza za khatari. Hapa ndipo injini, umri wa dereva na muda wa leseni yake huangaliwa.

Kwa nini kampuni inauliza habari za injini

Wengine hudhani cc ndiyo kila kitu. Si hivyo. Chukua Starlet mbili za miaka ya 1990, zote za cc 1331. Moja ni ya kawaida, yenye nguvu farasi karibu 85. Nyengine ni Glanza V yenye turbo, na nguvu zake ni 135. Uzito wa magari hayo hautofautiani sana, lakini hilo la pili si gari la kumpa mtu aliyepata leseni juzi.

Na nguvu za gongo haziongezeki sawa na mwendo. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa likafika 80, mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu za kugonga zimekuwa mara nne. Na masafa ya kusimamia yanarefuka vivyo hivyo. Gari lililotiwa injini kubwa huku limeachiwa breki zake za asili, na springi zimekatwa kwa msumeno, linakwenda kwa kasi ambayo halikuundwa kuisimamisha. Barabara zetu zina watoto wa skuli, baiskeli, bodaboda na mifugo. Kwa hiyo swali la kampuni ni swali la haki, na mzazi naye anapaswa kujiuliza kabla ya kuulizwa.

Mabadiliko ambayo kwa kawaida hutakiwa kuelezwa ni haya:

- Injini nyengine, kubwa au ndogo, na turbo.
- Giaboksi na breki.
- Springi zilizokatwa au kubadilishwa, na rimu na matairi ya kipimo chengine.
- Bomba la moshi, taa, na vioo vya giza.
- Matumizi: gari la nyumbani lililogeuzwa teksi au la kukodishwa wageni.

Nini hutokea ukificha

Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli kamili. Mkataji anatakiwa aeleze kila jambo muhimu analolijua, hata kama fomu haikuuliza kwa jina. Akificha, kampuni inaweza kukataa dai lake, au kuufuta mkataba.

Zingatia kwamba kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi. Baada ya ajali kubwa, mkaguzi anafungua boneti na kulinganisha. Injini isiyolingana na kadi haihitaji uchunguzi mrefu.

Ama aliyegongwa, sheria za bima ya lazima zinamtazama kwa jicho la kumhifadhi, na mara nyingi kampuni hutakiwa imlipe kisha imrudie mwenye gari kudai ilichotoa. Tafakari hali hiyo: baba mstaafu, gari lina jina lake, anadaiwa fidia ya mtu aliyevunjika mguu au aliyefariki, kwa injini ambayo pengine hata hakujua imetiwa.

Na kupunguza thamani nako kuna hasara yake. Tuseme gari na vilivyoongezwa vinafika milioni 12, nawe umeandika milioni 9. Ajali ikileta matengenezo ya milioni 4, mikataba yenye sharti la uwiano italipa robo tatu tu, yaani milioni 3, kisha hukatwa na kile kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe. Kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya, kiasi hicho mara nyingi huongezwa. Soma waraka wako.

Gari kwa jina la baba

Hili ndilo linaloulizwa zaidi. Kama gari ni la baba kweli, na kijana analiendesha kwa ruhusa yake, hakuna ubaya bima kuwa kwa jina la baba, kwa sharti kampuni ielezwe kwamba kijana fulani, mwenye umri fulani na leseni ya muda fulani, ndiye mwendeshaji wa kila siku. Lakini gari likiwa ni la kijana, yeye ndiye alilalo nalo na aamkalo nalo, kisha baba akajiandikisha kuwa ndiye dereva ili malipo yashuke, huo ni uongo wa maandishi, na baba ameshiriki ndani yake. Huruma kwa mtoto haibadilishi hukmu.

Hukmu ya bima kwa ujumla

Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya biashara yenye malipo maalumu una gharar kubwa yenye kuuharibu mkataba, na kwa hiyo ni haraam. Na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano iliyosimama juu ya kuchangiana. Wako wanachuoni walioona vyengine, kama Shaykh Mustafa az-Zarqaa (Rahimahu Allaah), aliyeijuzisha bima kwa asili yake. Lakini kauli ya wengi ni hiyo ya mwanzo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu:

Kwanza, ikipatikana takaful, hiyo ndiyo ya kutangulizwa. Humo wachangiaji wanaweka mfuko wa kusaidiana, na mwendeshaji anausimamia kwa ujira au kwa mudhaaraba, chini ya usimamizi wa wanachuoni. Hapa kwetu Shirika la Bima la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1969, limeanzisha huduma ya takaful, basi na iulizwe kabla ya nyengine.

Pili, isipopatikana, bima ndogo ya lazima inakatwa kwa sababu ya kulazimishwa, na mtu hana dhambi In Shaa Allaah.

Tatu, bima kubwa ya kibiashara kwa khiyari ndiyo yenye khitilafu. Aliye na takaful karibu yake hana udhuru wa kuiacha.

Ama aliyegongwa, akilipwa na bima ya aliyemgonga anachukua, kwani hiyo ni haki yake kwa aliyemdhuru, na namna mdhuru anavyoilipa ni jukumu la mdhuru.

"Kampuni ni ya riba, kuidanganya kuna ubaya gani?"

Maneno haya husikika barazani, nayo ni makosa. Aya ya mwanzo ya Suuratul-Maaidah imetuamrisha kutimiza mikataba. Na katika Hadiyth iliyopokelewa na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa chini ya kikavu. Injini ya cc 1500 chini ya kadi ya cc 1000 inatofautiana nini na chakula hicho?

Tena wakati wa Hijrah, Quraysh walikuwa wanapanga kumuua Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na amana zao ziko kwake. Alimwacha 'Aliy (Radhwiya Allaahu 'anhu) Makkah azirudishe kwa wenyewe. Ubaya wao haukuhalalisha khiyana. Na katika takaful ghishi ni nzito zaidi, kwa kuwa mali unayoila ni mchango wa Waislamu wenzako.

Bima hailipi kila kitu

Majma' hiyo hiyo, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, ilieleza kwamba kanuni za barabarani zinazoafikiana na shari'ah ni wajibu kufuatwa, na kwamba dereva anabeba dhima ya madhara anayowafanyia wengine. Mtu akiua kwa makosa, Suuratun-Nisaa, aya ya 92, imeweka diya na kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Fidia ya bima inaweza kusaidia katika diya. Kafara haibebwi na kampuni yoyote; ni ya aliyeshika usukani.

Utaratibu wa kufuata

1. Kabla ya kubadilisha injini, iulize kampuni kama italikubali gari hilo kwa dereva huyo. Wengine hukataa, na ni bora ujue kabla fundi hajapokea pesa.
2. Weka risiti za fundi, picha, na waraka wa injini ulikotolewa, ili isije ikawa ya wizi.
3. Lipeleke gari kukaguliwa, na kadi irekebishwe namba ya injini na cc katika ofisi ya usajili wa vyombo vya moto.
4. Andika barua kwa kampuni ukieleza mabadiliko yote na dereva halisi. Usitosheke na maneno ya wakala. Taka jibu la maandishi litakaloambatishwa na mkataba.
5. Uliza kiasi utakachobeba mwenyewe ajali ikitokea, na kama kimeongezwa kwa dereva mpya.
6. Hakiki bima yako kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwani stika za kughushi zimewahi kuwaponza watu.
7. Usipopata wa kulikubali, rudisha injini ya asili au liweke gari ndani. Usiliendeshe hata kwa masafa ya kwenda msikitini.

Aliyekwisha kuficha

Mlango wa tawbah uko wazi. Aende akaeleze sasa kabla ya ajali, na alipe tofauti ikitakiwa. Na aliyekwisha kulipwa dai kwa maelezo ya uongo, basi alichokichukua si chake, na kukirejesha ni katika masharti ya tawbah yake.

Ama vijana wetu, kupenda gari si dhambi. Lakini kushindana barabarani, kuwekeana pesa juu ya mashindano hayo, na kuwaamsha wagonjwa na wazee usiku wa manane kwa mngurumo wa bomba, hayo ni madhara, na madhara yamekatazwa. Na wazazi, mtoto wenu akiwajia na habari ya injini mpya, msiulize bei ya injini peke yake. Muulizeni: umeshawaeleza wenye bima?

Wa-Allaahu A'lam.