Wanawake na Upondo: Safari Ndefu ya Kuvuka Mwamba

Julai 1965, jijini Brazzaville, Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya kwanza ya Afrika. Taifa lilikuwa changa, na mwanamke wake alikwisha kusimama jukwaani kwa mchezo wa uwanjani, si wa mbio. Lakini mruko wa upondo, yaani kuruka juu kwa kutumia fimbo ndefu, haukuwamo katika michezo ya wanawake, si Brazzaville tu bali hata katika Olimpiki.

Wanaume walikuwa wakishindania upondo tangu Olimpiki ya Athens ya 1896. Wanawake walizuiwa kwa hoja kwamba mabega yao hayana nguvu za kutosha. Hoja hiyo ilianza kuporomoka 1992, Sun Caiyun wa China aliporuka mita 4.05. Mwaka 1998, Kuala Lumpur, Michezo ya Jumuiya ya Madola ikawafungulia wanawake mlango. Emma George wa Australia akatwaa dhahabu kwa mita 4.20, akifuatiwa na Elmarie Gerryts wa Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye, Sydney, Stacy Dragila wa Marekani akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki kwa mita 4.60. Wanawake walikuwa wamesubiri miaka 104. Yelena Isinbayeva wa Urusi alivuka mita 5 mwaka 2005, kisha akafikisha 5.06 huko Zurich mwaka 2009.

Mchezo wenyewe unadai mbio, nguvu na akili kwa pamoja. Mrukaji hukimbia akiongeza kasi huku ameshika upondo, kisha huchomeka ncha yake katika kisanduku kilichofukiwa ardhini, chenye kina cha sentimita 20. Upondo hupinda, ukabeba nguvu ya mbio zake. Unaponyooka humrusha juu, miguu ikitangulia. Hujigeuza kifudifudi juu ya mwamba uliolazwa kati ya nguzo mbili, huachia upondo na kuangukia godoro nene. Akishindwa mara tatu mfululizo, ametoka.

Hapo zamani pondo zilikuwa za mbao, baadaye mianzi, na warukaji waliangukia mchanga. Nyuzi za kioo na magodoro ya sponji ndivyo vilivyopandisha viwango. Leo upondo mmoja hauwezi kumfaa kila mtu, kwa kuwa huchaguliwa kwa uzito na kasi ya mrukaji. Kwa hiyo mbio zinaweza kuanzia kwenye barabara ya vumbi, lakini upondo hauanzi bila vifaa, mwalimu na bajeti. Ndiyo maana Tanzania, iliyong'aa kwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mbioni, haijapata medali ya upondo wa wanawake katika Olimpiki wala Jumuiya ya Madola.

Suala la bajeti linatufikisha Mzumbe, wanakofunzwa wapanga bajeti wa halmashauri, chini ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Hapa mwaka 1953 wakoloni walianzisha shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikazaliwa taasisi ya uongozi wa maendeleo, IDM, ambayo mwaka 2001 ilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Vizazi vya maofisa wanaopanga mipango na fedha za halmashauri vimepita katika madarasa haya. Wao ndio huamua kama kiwanja cha shule kitapata magoli ya mpira pekee au pia mahali pa kurukia.

Historia imekwisha kujibu swali la uwezo wa mwanamke. Lililobaki ni la uamuzi wetu. Halmashauri zianze na vituo vichache vyenye godoro salama, kisanduku, pondo za uzito mbalimbali na mwalimu aliyefunzwa, na wasichana wawekwe mstari wa mbele tangu siku ya kwanza. Theresia Dismas alirusha mkuki wake 1965. Binti zetu wasisubiri miaka mingine 60 ndipo wakabidhiwe upondo.